Matofali ya Kusafisha Umeme

Siku aliyoiona ile amplifaya, Mtaalamu alikuwa hajawa Mtaalamu. Alikuwa Bwana Mende. Alipita nyumba kwa nyumba katika mtaa wa mageti marefu akiuza dawa aliyoichanganya mwenyewe: unga wa ngano, majivu, na sukari kidogo ya kuleta hamu. Mende walioila, kwa ushuhuda wa wateja wote, walinenepa.

Alikuwa amechuchumaa chini ya dirisha la sebule moja, ananyunyiza unga wake huku mpishi wa nyumba akimsimamia, mikono kiunoni. Akainua shingo, akachungulia ndani. Akaona chungu cha maua. Chini ya chungu akaona sanduku la bati jeusi, lenye wavu juu, na ndani ya wavu valvu nne, zile taa za kioo za zamani, zimekaa na vumbi lao. Mkono ukasahau kunyunyiza.

"Mbona umeganda?" mpishi akauliza. "Mende wamekujibu?"

"Nasikiliza wanavyokufa, mama."

Wiki hiyo hiyo mkusanyaji mmoja wa vitu vya kale, mwenye duka lenye kiyoyozi na wateja wanaonong'ona, alikuwa amemwambia: "Niletee amplifaya ya valvu, ya zamani, nzito. Ukiileta leo, kesho unaendesha pikipiki yako." Na tapeli ni kama kuku: akishaona punje, hasikii tena kisu kinachonolewa.

Sasa tusimame kidogo, maana ile amplifaya ilikuwa na wenyewe.

Mwenye nyumba aliitwa Mkurugenzi, ingawa hakuwa na cha kukurugenza tangu afunge kiwanda cha nguo. Wafanyakazi wa kiwanda kile walikuwa na klabu yao, na klabu ilikuwa na bendi, na bendi ilikuwa na amplifaya ya kukuzia sauti, iliyonunuliwa kwa kukatwa mishahara kidogo kidogo kwa miezi kumi na minne. Siku ya mgomo, saa nne asubuhi, Mkurugenzi alikuja na walinzi, akabeba viti, akabeba spika, akabeba amplifaya. Akasema ni mali ya kampuni. Kibao cha shaba chenye jina la klabu akaking'oa kwa bisibisi mbele ya watu na kukitupa mtaroni. Kiwanda akakitia kufuli. Amplifaya ikaenda kwake ikawa kigoda cha maua.

Ni miaka kumi na tisa. Wapo wanaosema yaliyopita si ndwele. Ukiwachunguza hao, utakuta yaliyopita yako sebuleni kwao, yamebebeshwa maua.

Mpiga gitaa wa bendi aliapa siku ile kwamba hatagusa waya wa gitaa mpaka amplifaya irudi klabuni. Alikuwa mtu wa makamo. Sasa ana miaka sabini na mmoja, anafuga kuku, na gitaa liko chini ya kitanda.

Na yule mpishi aliyeweka mikono kiunoni? Zamani alikuwa fundi wa kusuka koili za mota kiwandani. Amplifaya ile aliwahi kuitengeneza mara mbili kwa mikono yake. Kibao alikiokota mtaroni, akakiweka ndani ya kopo la sukari. Miaka sita iliyopita, aliposikia Mkurugenzi anatafuta mpishi, alikwenda kuomba kazi akiwa hajui kupika chochote zaidi ya maharage. Alijifunza. Kila asubuhi aliyafuta vumbi yale matundu manne ya skrubu mahali kibao kilipokuwa, akangoja. Kuibeba asingeweza. Kitu kikipotea katika nyumba ya tajiri, wa kwanza kupekuliwa ni mpishi, na wa pili ni mpishi tena.

*

Baada ya siku kumi Bwana Mende akarudi akiwa Mtaalamu. Suti ya kukodi, miwani isiyo na nguvu, na mkoba mtupu alioushika kama una siri za serikali. Sebuleni walikuwa Mkurugenzi na shemeji yake, kaka wa mke, aliyekuja kusalimia mwaka juzi akaanza kukohoa na hajaondoka mpaka leo.

"Mkurugenzi," Mtaalamu akaanza, "unasikiliza muziki kwa kifaa gani?"

"Kwa simu. Na hiki kispika."

"Pole."

Aliitamka kama mtu aliyeingia msibani. Mkurugenzi akajishika kifua.

"Pole ya nini?"

"Wewe unapewa maganda, mzee wangu. Tunda wanakula wengine. Muziki ukipita kwenye simu unabanwa, unakamuliwa, unakatwa miguu ili uenee. Mimi nakuletea strima. Inauchukua muziki mtandaoni mzima, kama ulivyotoka studio, inaumimina kwenye spika zako kubwa zile ulizozigeuza stendi ya kofia."

Shemeji akakohoa kwa heshima. "Hata mimi nilikuwa nahisi maganda."

"Na hiyo strima inahitaji amplifaya?" Mkurugenzi akauliza.

"Imo humo humo ndani. Mambo ya kisasa, mzee wangu."

Akataja bei. Mkurugenzi akaipunguza kwa nusu. Mtaalamu akaguna, akakubali. Bei yenyewe hakuitilia maanani, maana hesabu yake ilikuwa imekaa chini ya chungu cha maua.

"Na kazi ya kufunga?"

"Hiyo silipi," akasema Mkurugenzi. Katika maisha yake alikuwa ameisema sentensi hiyo mara nyingi, na mbele ya watu wengi zaidi.

Mtaalamu akatazama huku na huku kama mtu anayetafuta pa kutemea. "Basi angalau nipe lile bati la chini ya maua. Nikaliuze chuma chakavu, nipate nauli."

Alikosea hapo. Alidhani tajiri hujali thamani ya kitu. Tajiri hujali kwamba kimeombwa. Mkurugenzi alikuwa hajaitazama amplifaya kwa miaka kumi na tisa, lakini alipoona mtu anaitaka, akaipenda ghafla kama mtoto wake wa mwisho.

"Bure? Hapana. Niongezee kitu."

"Kitu gani?"

"Utajua wewe. Wewe si mtaalamu?"

Mtaalamu akaukumbatia mkoba wake mtupu. Kisha ulimi wake, uliomlisha tangu ujana, ukamwokoa. "Nitakuongezea kisafisha umeme. Umeme wa mtaa huu ni mchafu sana, mzee wangu. Unapita kwenye majumba ya watu wa kila aina."

"Hilo ni kweli kabisa!" Mkurugenzi akapiga paja.

Mpishi alikuwa anaweka chai mezani. Macho yake yalikuwa chini, kwa adabu, na chini aliona viatu: cha kulia kina kamba nyeusi, cha kushoto kina kamba ya kahawia. Akavikumbuka. Mende wa jikoni kwake walikuwa sasa wananenepa kwa dawa ya viatu vile.

Aliondoka na sinia, akasimama jikoni, akafikiri. Bwana huyu angeichukua amplifaya, na kama ingetoka getini mikononi mwake, hiyo ingekuwa kwaheri. Lakini angeichukua kwa ruhusa ya mwenye nyumba! Miaka sita alikuwa amemngoja mwizi mwenye kibali. Sasa amekuja, tena kwa suti. Kilichobaki ni kumchagulia mzigo.

"Utafunga lini?" alimsikia Mkurugenzi akiuliza sebuleni.

"Siku yoyote, mzee wangu."

Mpishi akachungulia mlangoni. "Samahani, baba. Ikiwa Alhamisi itanifaa. Alhamisi napiga deki sebuleni, vitu vyote vinakuwa vimeshasogezwa."

"Alhamisi," akasema Mkurugenzi.

Alhamisi ndiyo siku ambayo yule mpiga gitaa mfuga kuku alikuwa akipita mlango wa nyuma na mkokoteni wake kuchukua maganda.

*

Mtaalamu hakujua umeme, wala muziki, wala kifungo kipi huwasha nini. Alijua kitu kimoja: uzito. Tajiri akipewa kitu chepesi huuliza maswali. Akipewa kizito huuliza kiwekwe wapi. "Uzito hausemi uongo," ndiyo iliyokuwa kauli yake, na aliitumia muda mrefu mpaka akaanza kuiamini mwenyewe, ajali inayowapata matapeli na wahubiri.

Kwa hiyo alipotengeneza kisafisha umeme, alichukua sanduku la bati, akatia taa ndogo ya kijani, kisha akatafuta uzito. Ulikuwa mlangoni kwake: kidato cha kupandia mlangoni, cha matofali mawili ya saruji, moja limepakwa rangi ya kijani ubavuni. Akayang'oa, akayazungushia sponji ya godoro, akafunga skrubu nne. Mama mwenye nyumba aliyempangisha alipotoka asubuhi akakuta shimo.

"Wewe! Kidato kimekwenda wapi?"

"Kimechukuliwa na wapimaji, mama. Kitarudi."

"Kisiporudi, na wewe utapimwa."

Strima yenyewe ilikuwa ya kweli, kidude cha mtumba kidogo kama sabuni, nacho amekiweka ndani ya kasha kubwa lenye mchanga. Alhamisi saa nane mchana akafika navyo vyote. Akaihamisha amplifaya kutoka chini ya maua, akaibeba mpaka jikoni huku akiguna kwa raha. Uzito ule! Akaiweka kando ya mlango wa nyuma. Halafu akaweka kisafisha umeme juu ya friji, karibu na ruta ya mtandao, vyote katika waya mmoja wa soketi pamoja na blenda.

"Mama, hiki usikiguse. Ndani kuna umeme wa kuua ng'ombe."

"Nitakigusaje, baba, mimi najua nini?"

Akarudi sebuleni. Mpishi akafunga mlango, akatoa bisibisi kwenye droo ya vijiko, akafungua kile cha kuua ng'ombe kwanza. Alipoona matofali yamelala katika sponji kama mapacha, ilibidi ajitie aproni mdomoni asicheke.

Sebuleni, Mtaalamu alichomeka waya wa spika, akaunganisha strima na mtandao, akaingiza neno la siri ambalo Mkurugenzi alimnong'onezea sikioni huku akimkazia macho shemeji. Strima ikawaka. Ikaandika kwamba inahitaji kujisasisha kwanza. Asilimia moja. Mbili. Tatu.

"Inafanya nini?" Mkurugenzi akauliza.

"Inaoga. Haiwezi kubeba muziki safi ikiwa chafu."

Jikoni, skrubu kumi na mbili za amplifaya zilikuwa zinatoka moja baada ya nyingine. Vidole vya mpishi vilikuwa vimezeeka, lakini havikuwa vimesahau. Skrubu ya saba ikakataa. Sebuleni strima ilifika asilimia themanini. Mpishi akachungulia, akaona, akarudi, akachomoa ruta, akachomeka blenda na kusaga nyanya tatu.

"Imekatika!" sauti ya Mkurugenzi. "Imerudi sifuri!"

Mtaalamu akaja jikoni mbio. Mpishi alikuwa amebakiwa na sekunde chache tu. Akaifunika amplifaya kwa sinia kubwa, akaanza kuchambua mchele juu yake.

"Mama! Mtandao!"

"Uuu, mwanangu, nisamehe. Nilikuwa nasaga nyanya, soketi ni moja."

"Usisage tena."

"Sisagi."

Alisaga mara mbili zaidi. Mara ya pili ilikuwa ya kuchomoa waya wa transfoma. Mara ya tatu alikuwa ameshamaliza kutoa utumbo wote, valvu, transfoma, waya alizozisuka mwenyewe enzi zile. Alisaga kwa sababu tu ilimfurahisha. Sebuleni Mtaalamu alikuwa ameshaeleza faida za subira mpaka akaishiwa, na shemeji alikuwa amelala.

Mpishi akaweka matofali mawili ndani ya bati tupu, akayabana na sponji yao. Pale penye wavu, mahali pa valvu, akasimamisha chupa nne za dawa ya kikohozi ya shemeji, zilizooshwa, karatasi zao zimegeuziwa ndani. Zilimeta vizuri kuliko valvu zenyewe. Akafunga skrubu kumi na mbili.

Mlango wa nyuma ukagongwa. Mpiga gitaa wa zamani alisimama na ndoo yake. Mpishi akamkabidhi ndoo nyingine, maganda ya viazi juu, kisichoonekana chini. Mzee alipoinua akayumba.

"Dada, leo maganda mazito."

"Ya zamani hayo, kaka."

"Ya lini?"

"Ya miaka kumi na tisa."

Mzee akaiweka ndoo chini. Akaingiza mkono kwenye maganda, akapapasa, akagusa kioo. Akavua kofia. Akaipakia ndoo kwenye mkokoteni, akaivalisha koti lake, akaondoka akisukuma polepole kama mtu anayepeleka mtoto mchanga kliniki.

*

Strima ilipomaliza kuoga, Mtaalamu aliwafunga macho Mkurugenzi na shemeji kwa taulo za mikono, akasema wapumue kwa pua. Akapiga wimbo mmoja. Akaurudia ule ule, safari hii ameongeza sauti vijiti viwili.

"Ya kwanza ilikuwaje?"

"Kama mtu anaimba ndani ya ndoo," akasema Mkurugenzi.

"Na ya pili?"

"Ndoo imetoka!"

"Mimi," akasema shemeji, akiwa bado na taulo usoni, "nimemsikia mwimbaji akimeza mate."

"Hiyo ndiyo kazi ya kisafisha umeme," akasema Mtaalamu. Jikoni, juu ya friji, sanduku tupu lilikuwa linawaka taa yake ya kijani kwa bidii zote.

Alipokwenda kuchukua amplifaya aliikuta imefungwa kamba, tena kwa mafundo mazuri.

"Nimekufungia, mwanangu. Usije ukafungua njiani vumbi likaingia."

Akaiinua kidogo kuipima. Nzito! Tabasamu likamfika masikioni. Uzito hausemi uongo.

"Mama, Mungu akuzidishie."

"Ameshaanza, baba."

*

Kesho yake mkusanyaji alizima kiyoyozi asije akapata mafua kwa furaha. Akavaa glovu nyeupe, akakata kamba, akafungua skrubu kumi na mbili, akaziweka katika kisosi. Akainua wavu. Akachukua valvu ya kwanza kwa vidole viwili, akaigeuza, akasoma kwa sauti.

"Vijiko viwili, mara tatu kwa siku."

Mtaalamu akacheka, akidhani ni lugha ya wakusanyaji.

"Tikisa kabla ya kutumia," mkusanyaji akaendelea kusoma. Halafu akatoa sponji. Halafu akatoa tofali. Halafu akatoa tofali la pili, lenye ubavu wa kijani, akalishika hewani. "Na hili ni la mwaka gani?"

Mtaalamu alilitazama tofali. Tofali likamtazama. Wamejuana miaka minne. Kila asubuhi alilikanyaga akienda kutafuta mjinga.

"Hilo," akasema kwa sauti ndogo, "ni la kwangu."

"Basi toka nalo."

Alitoka nayo yote mawili, moja kila kwapa, kwa sababu angalau mama mwenye nyumba angenyamaza. Alitembea mchana ule wa jua akiwahesabu wote waliokuwa katika nyumba ile. Mkurugenzi? Hana akili hiyo. Shemeji? Alikuwa amelala. Basi nani? Ilimchukua mitaa mitatu kukumbuka kwamba nyumbani mule kulikuwa na mtu mwingine, na hilo peke yake lingetosha kumwonyesha jinsi alivyofanana na Mkurugenzi, kama angekuwa mtu wa kuonyeshwa. Akasema moyoni kwamba Jumapili, wapishi wanapopewa mapumziko, atamtafuta.

Hakuhitaji kutafuta. Jumapili alasiri, akiwa bado anabeba matofali (saruji ya kuyarudishia hakuwa nayo, na kuyaacha nje aliogopa wezi), alisikia gitaa.

Lilikuwa limekaa kimya muda mrefu na lilikuwa na mengi ya kusema. Lilitoka katika ukumbi wa ile klabu ya wafanyakazi, wenye bati lililotoboka, likavuka barabara, likamshika kifuani. Miaka yote aliuza sauti nzuri. Hii ndiyo iliyokuwa mara ya kwanza kuisikia. Alimsikia mpigaji akivuta pumzi. Alimsikia, naapa, akimeza mate.

Mlangoni, kwenye kiti, alikaa mpishi, amevaa gauni la sikukuu. Nyuma yake, jukwaani, mzee wa kuku aliinama juu ya gitaa, na kando yake kulikuwa na sanduku jipya la mbao lenye valvu nne zinazowaka kama makaa, na kibao cha shaba chenye jina la klabu, kimefungwa kwa skrubu nne.

"Mama," akasema Mtaalamu, "wewe ni mwizi."

"Wewe ulipewa nini na Mkurugenzi, mwanangu?"

"Chuma chakavu."

"Na ulikipata?"

Mtaalamu akafungua mdomo. Ulimi uliomlisha tangu ujana ukakaa tu.

"Nitamwambia Mkurugenzi."

"Mwambie. Jana amewaita majirani wanane kusikiliza umeme wake ulivyo safi. Ukienda, mfungulie na kisafishaji mbele yao, waone." Akamtazama makwapa. "Unaingia au huingii? Unaziba mlango."

"Kiingilio kiasi gani?"

Mpishi akaangalia chini, mahali ambapo watu wote walikuwa wanajikwaa wakiingia. Kidato cha ukumbi kilivunjwa na walinzi siku ile ya mgomo walipobeba viti, na hakuna aliyewahi kukirudisha.

"Matofali mawili," akasema.

Mtaalamu alimfikiria mama mwenye nyumba. Gitaa likapanda. Akainama, akaliweka la kwanza, akaliweka la pili, la kijani likatazama barabarani. Akayakanyaga kuyajaribu. Hayakutikisika. Akaingia, na kwa mujibu wa mashahidi alicheza vibaya sana mpaka mwisho.

Jioni alirudi kwake akipiga mluzi wimbo ule, akafungua mlango bila kutazama chini, na mguu wa kulia, ule wa kamba nyeusi, ukatumbukia shimoni mpaka gotini.

"Wapimaji wamerudi?" sauti ikauliza kutoka dirishani.